Jumanne Usiku Sipokei Zamu

Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa gemu liitwalo Resident Evil 5. Hadithi yake inatokea Afrika, mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju, na maadui wake ni wanakijiji walioingizwa vimelea mwilini hadi wakapoteza utu wao. Gemu linawaita Majini. Wanapokukimbilia na mapanga na mashoka, wanakupigia kelele kwa Kiswahili.

Kwa Mswahili aliyeketi sebuleni kwake, pedi ya kuchezea mkononi, jambo hilo linastaajabisha na kuchekesha kwa pamoja. Kwa mujibu wa hadithi yenyewe Kijuju iko Afrika Magharibi, kwa hiyo sijui Kiswahili kilifika huko kwa jahazi gani. Jina hilo, kwa ki- yake, lingefaa kuwa la lugha kuliko la mji. Na hao majini, mtoto wa Tanga atauliza kwanza kama ni wale wa kupungwa au ni majini kwenye maji.

Gemu hilo lilizua pia mabishano makali. Tangu video yake ya kwanza ya matangazo ilipotoka mwaka 2007, watu wengi waliuliza kwa nini burudani iwe Mzungu mwenye bunduki katikati ya kijiji cha Waafrika. Ni swali la haki, na mimi ninalo hadi leo. Hata hivyo nimelicheza hadi mwisho, zaidi ya mara moja, hapa Scarborough, mashariki mwa Toronto, na sasa ninalicheza tena.

Nina watoto wawili, kijana wa miaka 14 na binti wa miaka 9. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku, siku nne kwa wiki. Na kila Jumanne, kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa tano na nusu, napigana na mazombi. Nalisema hili wazi kwa sababu nimegundua tuko wengi. Kwenye harusi, kwenye hitima, hata pale tunapofunga mizigo ya kutuma nyumbani, ukitaja neno gemu utamsikia mtu mzima akikujibu kwa sauti ya chini, kama anayetaja deni: "Hata mimi, dada, lakini usimwambie mke wangu."

Kwa nini sauti iwe ya chini? Jumamosi saa moja na nusu asubuhi ya Toronto, mechi ya mapema ya Ligi Kuu ya Uingereza inapoanza, nusu ya wanaume ninaowafahamu wako macho mbele ya televisheni, jezi mwilini, na hakuna anayewauliza watakua lini. Mume wangu ni mmoja wao. Simlaumu. Nataka tu hesabu iwe moja.

Tena tukumbuke tunaishi mji gani. Filamu ya Resident Evil: Apocalypse ya mwaka 2004 ilipigwa Toronto, na lile jengo la City Hall lenye minara miwili iliyopinda, ambalo wengi wetu tulipiga picha mbele yake wiki ya kwanza tulipofika, ndilo linaloonekana kama makao ya serikali ya mji wa mazombi. Mwaka huohuo ilitoka Dawn of the Dead mpya, ile ambayo watu wamejifungia ndani ya jumba la maduka huku wafu wamewazingira. Jumba lenyewe lilikuwa Thornhill, kaskazini tu mwa mji. George Romero, Mmarekani aliyezipa sinema hizi sura yake ya leo kwa Night of the Living Dead ya mwaka 1968, alihamia Toronto uzeeni, akachukua uraia wa Kanada mwaka 2009, akafia hapahapa Julai 2017. Mhamiaji kama sisi. Na mwaka 2003 watu wachache walijipaka damu ya bandia, wakakusanyika kwenye bustani ya Trinity Bellwoods na kutembea mitaani kama wafu. Baada ya miaka kadhaa walikuwa maelfu.

Lakini zombi hakuanzia kwenye sinema. Wataalamu wengi wanalihusisha neno hilo na lugha za Kibantu za Kongo na Angola, na lilivuka Atlantiki pamoja na watumwa. Huko Haiti likapata maana yake: mfu aliyeamshwa na mchawi ili amtumikie. William Seabrook, Mmarekani aliyeandika kitabu juu ya Haiti mwaka 1929, aliwaeleza mazombi wakifanya kazi katika mashamba ya miwa. Kilichomtisha mtu wa Haiti hakikuwa kuliwa na zombi. Alihofia kugeuzwa zombi yeye mwenyewe, yaani afe na bado asipate kupumzika.

Sisi tunaye msukule. Msomaji aliyekulia Tanzania hahitaji maelezo, ila kwa watoto wetu waliozaliwa huku: msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe, kwa imani ya watu, amechukuliwa kichawi, amefichwa, na usiku analimishwa shamba la mtu. Wanasema hulishwa pumba, hasemi, na hata jina lake halijui.

Nikirudi kazini kwa basi la usiku namba 300, lile la Bloor na Danforth, huwa nawatazama wenzangu: wapishi, walinzi, wasafisha ofisi, watunza wazee. Vichwa vimeegemea vioo, midomo iko wazi. Mimi na rafiki zangu tunajiita misukule wa Bloor, na tunacheka. Lakini ukiufikiria utani huo unaona una mfupa ndani yake. Msukule ni mtu aliyebakiwa na kazi peke yake. Hana anachokipenda, hana anachokingojea. Ndiyo maana mimi Jumanne yangu siihesabu kuwa utoto.

Mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, alikaa nasi miezi minane kwa viza ya wazazi. Jumanne ya kwanza alitoka chumbani kutafuta maji, akakuta sebule ni giza na mtu mwenye macho mekundu anapiga ukelele kwenye televisheni. Akasimama, akasikiliza.

"Mwanangu," akasema, "huyo maiti katoka wapi? Kiswahili chake kibovu."

"Ni gemu tu, mama."

"Najua gemu. Nauliza nani kamfundisha."

Wasiwasi wake wa pili ulikuwa ule walio nao wazazi wetu wengi, Waislamu kwa Wakristo: kwamba kucheza na wafu ni kuwaalika nyumbani. Sikubishana naye. Nilimweleza kwamba katika hadithi hii wafu si roho, ni ugonjwa. Kuna kimelea, kuna kampuni ya dawa yenye tamaa, na kazi yangu ni kuizuia. Akafikiri kidogo, akasema hiyo basi ni habari ya kawaida. Kisha akasoma Ayatul Kursiyu, kwa usalama tu, akaenda kulala.

Wiki iliyofuata alikuja tena, safari hii na ukili wake aliokuja nao kutoka Tanga, akaketi kusuka huku mimi nacheza. Ndipo akaniambia habari za marehemu baba mkwe, ambaye alicheza bao kwa miaka arobaini. Asiyelijua bao la Kiswahili asilidharau: mashimo 32, kete 64, na hesabu ya kuumiza kichwa. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mchezaji. Baba mkwe alikuwa akitoka kuswali alasiri anakwenda moja kwa moja chini ya mwarobaini, na adhana ya magharibi ikilia kete zinabaki zilipo.

"Mtaa mzima ulijua yuko wapi," akasema. "Ukimtaka, unatuma mtoto. Akifungwa, tunasikia kabla hajafika nyumbani. Ninyi mnacheza mlango umefungwa, taa imezimwa, hakuna adhana. Mtajuaje kumaliza?"

Sijasikia mtu akilieleza tatizo letu vizuri zaidi ya hapo. Wazee wetu walicheza, na walicheza sana, ila mchezo wao ulikuwa na saa yake, mahali pake na mashahidi wake. Wetu umehamia chumbani, usiku, peke yetu, na kiwanda kilichoutengeneza hakina faida yoyote katika kutuambia tumalize.

Nikamuuliza, "Na wewe mama, saa hizo za bao ulikuwa wapi?"

"Jikoni," akasema. "Nani angekuwa?" Akaendelea na ukili.

Jibu hilo limenikaa kuliko yote. Kila saa ya mchezo kuna mtu anailipia, na kwetu sisi mlipaji amezoeleka. Ndiyo maana mimi na mume wangu tumeandika kwenye karatasi, iko kwenye mlango wa friji. Jumamosi asubuhi ni yake: mimi naamka na watoto, napika chapati, nampeleka binti madrasa, na simwiti hata mara moja. Jumanne usiku ni yangu: yeye anaosha vyombo, anawalaza watoto, na mtoto akitapika saa nne usiku, yeye ndiye anayebadilisha shuka. Adhana yetu ni kengele ya simu, na simu yenyewe iko jikoni ili niinuke kuizima.

Sasa nifike penye ugumu. Mwezi wa tisa msimamizi wangu kazini aliniomba nichukue zamu ya tano. Siku yenyewe Jumanne. Baada ya kodi, zamu moja inaniletea kama dola 170, kwa hiyo kwa mwezi ni takriban 680. Wakati huohuo mtoto wa wifi yangu huko Tanga amepata nafasi ya chuo, na ada yake inatutazama sisi. Mume wangu hakuwa mkali. Aliuliza tu, kwa utaratibu: "Dola mia sita na themanini, mama watoto, kwa ajili ya mazombi?"

Nilimjibu kwamba si kwa ajili ya mazombi. Tayari usiku nne kwa wiki nawageuza wazee wa watu vitandani, na mchana wake nalala, watoto wananiona saa tatu tu kati ya shule na zamu. Pesa za nyumbani tunatuma kila mwezi, hatujaruka. Nikichukua na usiku wa tano, ada italipwa, ndiyo, ila sina hakika ni nani atakayekuwa anarudi na lile basi namba 300. Nikamuuliza pia kama zamu hiyo ingeangukia Jumamosi asubuhi, na yeye ndiye aombwe, angejibu nini. Alicheka, lakini hakujibu.

Tulikubaliana hivi: nachukua zamu mbili za ziada kwa mwezi, siku za Ijumaa, hadi ada ya muhula wa kwanza itimie. Jumanne inabaki. Imetimia, tumetuma. Hata hivyo habari zilisafiri, kama kawaida yake, na wifi yangu akaniachia ujumbe wa sauti: "Wifi, nasikia huko mnakataa kazi mcheze gemu." Nimeusikiliza mara nyingi. Simwoni kuwa mbaya. Ukiwa Tanga na ada iko mbele yako, saa mbili za mtu Toronto zinaonekana kama dola zilizoachwa mezani. Nilimpigia, tukazungumza hali ya mtoto na chuo, na hilo la gemu hatukuligusa.

Kwa wenzangu wenye majukumu wanaotaka kulinda kipande chao cha wiki, mambo machache niliyoyaona. Chagua gemu linalokubali kusimamishwa. Yale ya kucheza mtandaoni na watu wengi hayakusubiri. Mtoto akilia katikati ya mechi, ama unawaangusha wenzako ama unamwangusha mtoto. Yale ya hadithi, ya mtu mmoja, unayasimamisha kwa kidole. (Resident Evil za mwanzo zilikuwa zinakuruhusu kuhifadhi ulipofika pale tu unapokuta taipureta. Aliyezibuni hakuwa akilea.)

Bei nayo. Gemu jipya la kampuni kubwa hapa ni kama dola 90, na kodi ya Ontario ya asilimia 13 inalivusha mia. Kabla ya kutoa mia, jua kwamba Maktaba ya Umma ya Toronto inaazimisha magemu ya video bure, kwa kadi ileile ya vitabu. Ukiwa na njia ya kwenda College Street, ingia tawi la Lillian H. Smith: mlangoni kuna sanamu za wanyama wenye mabawa, na ndani kuna Mkusanyo wa Merril, hazina ya vitabu vya kubuni vya sayansi na miujiza iliyoanza mwaka 1970 kwa vitabu vya mwandishi Judith Merril. Vitabu vingi husomwa hapohapo. Nimewapeleka watoto pale siku za theluji, na mimi ndiye niliyegoma kutoka.

Mazombi yangu watoto hawayachezi. Resident Evil imepewa alama ya M, yaani kuanzia miaka 17, na alama hizo zimewekwa kwa sababu. Kijana wangu analalamika kwamba wenzake wote wanacheza. Nimemwambia wenzake wote wana mama zao.

Kwa wanafunzi mlio peke yenu huku, hali ni tofauti kidogo. Ninyi hamna mtoto wa kulaza wala mtu wa kugonga mlango. Sheria inawaruhusu kufanya kazi nje ya chuo saa 24 kwa wiki wakati wa masomo, na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Hapo kati kuna giza refu, na gemu ni rafiki asiyechoka. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa kucheza magemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na dalili zake hazihusu idadi ya saa. Zinahusu kushindwa kujizuia, gemu kuyatangulia mambo mengine yote, na kuendelea ingawa madhara unayaona. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu mwaka mzima. Ukijiona humo, nenda kwa washauri wa afya wa chuo chako. Usingoje mwaka utimie.

Na lile la mavyaa wangu kuhusu mlango uliofungwa nililifanyia kazi. Resident Evil 5 limetengenezwa kuchezwa na watu wawili, Chris na mwenzake Mwafrika, Sheva. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi saa nane mchana, mdogo wangu aliye Dar es Salaam anaingia mtandaoni. Kwake ni saa tatu usiku, au saa nne sisi tukiwa katika majira ya baridi. Yeye anakuwa Chris, mimi Sheva. Intaneti ikikubali, tunazungumza saa nzima: nani anaoa, nani anaumwa, bei ya unga. Majini wanapiga kelele na sisi tunawasahihisha sarufi. Kwa simu ya kawaida mdogo wangu hazungumzi zaidi ya dakika tano.

Kijana wangu naye amepata la kwake. Aprili 2024 lilitoka gemu la Tales of Kenzera: ZAU, kazi ya studio ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyelitengeneza kutokana na majonzi ya kufiwa na baba yake. Kijana mganga aitwaye Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake. Na unaweza kuchagua wahusika wazungumze Kiswahili. Miaka kumi na mitano baada ya Kijuju, mtoto wangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, alikaa sebuleni akisikiliza lugha ya nyumbani ikitumika kumlilia mzazi.

Alitaka kujua mganga ni nani hasa. Nikamwambia ampigie bibi yake, ambaye amesharudi Tanga. Alipiga Jumapili saa nne asubuhi, huko saa kumi na moja jioni. Nilikuwa jikoni nasikia upande mmoja tu: "Ndiyo bibi. Kwa nini pumba? Hawapewi wali?" Simu ilikwenda karibu saa nzima, na nadhani habari ya uganga waliimaliza mapema.

Desemba tutalizungumza tena suala la zamu ya tano, maana ada ya muhula wa pili inakuja. Mume wangu amesema ana hoja mpya. Mimi nimebakisha sura mbili za gemu, na Jumanne hii vyombo ni vyake.